Mchango Umfuate Mtoto Nyumbani

Kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo hupitisha magari yenye mabango ubavuni. Yamebeba mchele, mafuta ya kupikia, tende, sukari na katoni za sabuni. Yanapita Bunju, yanapita Mapinga na Kerege, yanaingia geti la makao ya watoto. Picha zinapigwa, wageni wanafuturu na watoto, na baada ya isha magari yanageuza kurudi mjini. Sina ugomvi na futari hiyo, na aliyeitoa Mungu amlipe. Ninachotaka tukitazame leo ni ile njia yenyewe. Kuanzia Mapinga mpaka Dunda magari yale yamepita nyumba nyingi ambamo bibi analea wajukuu waliofiwa na mama yao, au shangazi amepokea mtoto wa kaka aliyekwenda asirudi, au jirani tu, asiye na udugu wowote, amemchukua mtoto aliyekutwa sokoni hana pa kulala. Hakuna gari lililosimama hapo. Hoja yangu ni kwamba msaada wetu kwa watoto wasio na wazazi umeelekea mahali ambapo watoto hao ni wachache, na tukiugeuza ukaelekea kwenye nyumba zinazowalea tutapata watoto wenye afya zaidi, kwa gharama ndogo zaidi, na makao yenyewe yatabaki kwa wale wachache ambao kweli hawana pengine.

Kumlea mtoto usiyemzaa si jambo geni pwani hii. Tafiti za kaya za kitaifa zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila sita nchini haishi na mama yake wala baba yake, na wengi wao wana mzazi aliye hai. Kwetu sababu zinajulikana. Baba mvuvi huenda dago, akakaa kambini msimu mzima. Mama hufuata kibarua Dar es Salaam. Wakwere, Wadoe na Wazaramo wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba kumchukua mtoto wa dada yake hakuhitaji kikao. Kwa hiyo ninaposema malezi ya kambo, jina ambalo serikali inalitumia, sileti kitu kutoka nje. Ila Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake, imeongeza kitu ambacho desturi haikuwa nacho, nacho ni utaratibu. Anayetaka kumlea mtoto asiye wake anapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa anafika nyumbani kwake, anaongea na watu wa nyumba, anaandika taarifa, na kibali kinapitishwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake. Hii ndiyo tofauti na kuasili, ambako mahakama humfanya mtoto kuwa wa familia mpya moja kwa moja. Ziko pia familia za kuaminika, zilizopewa mafunzo na kuandikishwa, ambazo humpokea kwa muda mtoto aliyeokolewa usiku na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wakati ndugu zake wanatafutwa.

Bagamoyo ina sababu yake ya kulielewa hili kuliko miji mingine. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Unguja pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Kulikuwa na mabweni, shule, karakana na mashamba, na bila shaka nidhamu kali. Watoto wale walikuwa wametekwa Unyamwezi, Manyema, Ziwa Nyasa na kwingineko, wakatembezwa mamia ya maili. Hakuna aliyejua kijiji cha mama yao kilibaki au kiliteketea, na hata kingekuwepo nani angewarudisha kupita njia zile zile za misafara? Makao ya pamoja yalikuwa na maana yake. Lakini tazama walichofanya mapadre watoto walipokua. Waliwaoza, wakawapa nyumba na kipande cha shamba, kikawa kijiji kando ya misheni. Misheni ilipofunguliwa Mhonda, mwaka 1877, kaya za vijana hao zilikwenda nao. Hata waliolazimika kuanza na bweni waliona kwamba bweni halitoshi. Leo hali ni kinyume kabisa. Watoto wengi walioko makaoni, hapa nchini na penginepo duniani, wana mzazi mmoja au ndugu wanaojulikana walipo. Aliyewapeleka getini ni umaskini, na si vita wala msafara. Mama anaambiwa pale kuna shule na chakula, na yeye jioni hana unga. Unadhani atafanya nini?

Sasa, bweni zuri lina ubaya gani? Wengi wanauliza hivyo, nao wana haki ya kuuliza, kwa sababu makao mengine yana vyumba safi na milo mitatu kuliko nyumba nyingi za Magomeni au Nianjema. Jibu lililopimwa vizuri kuliko yote linatoka Romania. Utawala wa Ceaușescu uliijaza nchi ile makao ya watoto, na mwaka 2000 watafiti watatu wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kazi Bucharest na watoto 136 waliokuwa wakiishi humo, wadogo kabisa, wa miezi 6 hadi 31. Walipiga kura: nusu waende kwa familia za kulea, nusu wabaki walipo. Wapo waliouliza kama ni halali kupiga kura juu ya maisha ya mtoto, na swali hilo ni zito. Watafiti walijibu kwamba mjini humo malezi ya familia yalikuwa karibu hayapo, kwa hiyo bila kazi yao wote 136 wangebaki makaoni. Walipofika miaka minne na nusu wakapimwa akili. Waliobaki makaoni walipata wastani wa alama 73, waliokwenda kwa familia 81, na watoto wa mji huo huo waliokuwa na wazazi wao tangu mwanzo walipata 109. Waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliopona zaidi. Wote walikuwa wakila na kuvishwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja yule yule, wa asubuhi na wa usiku, anayejua kilio cha njaa cha mtoto huyu kinavyotofautiana na kilio chake cha usingizi. Mlezi wa zamu anayeondoka saa mbili asubuhi hawezi kukijua, hata awe na huruma namna gani. Na mgeni wa kujitolea anayekuja Bagamoyo kwa wiki tatu, akazoewa na watoto kisha akapanda ndege, anaacha kovu juu ya kovu.

Kuhusu gharama hatuna haja ya kwenda Ulaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka kumi baadaye mkoa ule ulikuwa na yatima wengi kuliko ambavyo koo zilizoea kubeba. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 1997 kuhusu UKIMWI, ilieleza kwamba kumtunza mtoto mmoja makaoni Kagera kulifikia zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia katika familia. Hii ina maana kwamba fedha inayoendesha makao ya watoto 20 ingesaidia kaya zinazolea watoto zaidi ya 100. Ukuta, mlinzi, jenereta na mhasibu vinakula kwanza, mtoto anafuata.

Ningeishia hapo ningekuwa mtetezi tu, na Kagera hiyo hiyo hainiruhusu. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto waliohojiwa mkoani humo kuanzia mwaka 1991 mpaka 1994, wakawatafuta tena mwaka 2004 wakiwa watu wazima. Waliofiwa na mama utotoni walikuwa wafupi kwa sentimita mbili hivi kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza mwaka mzima wa shule. Na hawa si watoto wa bweni, walilelewa na ndugu. Mwaka huo huo wa 2004 Anne Case na wenzake walichapisha uchunguzi wa nchi kumi za Afrika, wakaonyesha kwamba yatima alikuwa na nafasi ndogo ya kuandikishwa shule kuliko watoto wengine wa nyumba ile ile aliyomo, na kadiri udugu wake na mwenye nyumba ulivyokuwa wa mbali ndivyo nafasi yake ilivyopungua. Tusijidanganye basi kwamba damu inatosha. Ukoo uliochoka unampokea mtoto, unampa pa kulala, halafu unapofika wakati wa kuchagua nani avae viatu vipya, unachagua kama wengi wetu tungechagua. Tunapenda kusema mkono mmoja haulei mwana, kisha tunamwachia bibi mmoja wajukuu wanne. Zile familia za Bucharest zilizofanya vizuri zilipewa posho, na maafisa walizitembelea mara kwa mara. Hazikuachwa.

Kwa hiyo swali la jamii ya hapa linakuwa dogo na la karibu: nyumba ikishampokea mtoto, sisi wengine tunafanya nini? Chukua shule. Ada ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne imefutwa tangu Januari 2016, ni kweli. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa shati jeupe, kaptura au sketi ya bluu, sweta, viatu vyeusi na soksi, madaftari, fagio la chelewa, na mchango wa uji pale wazazi walipokubaliana. Kwa bibi anayeuza vitumbua, akiwa na wajukuu wanne, Januari ni mwezi wa madeni. Pwani yetu si maskini wa kuchanga. Harusi moja ya hapa mjini inaundiwa kamati, mweka hazina na kundi la simu, na watu wanakumbushwa ahadi zao bila haya mpaka ukumbi unalipwa. Msiba nao haulali na njaa. Huo ustadi wa kuchangishana upo tayari, ila haujaelekezwa kwa mtoto anayeingia nyumba mpya. Anapoingia anahitaji godoro, chandarua, sahani yake, nguo mbili tatu. Kamati ya harusi ingeyamaliza hayo kwa jioni moja. Akinamama wa upatu wanaweza kukubaliana kwamba mwenzao aliyepokea mtoto apokee zamu ya kwanza. Pale soko la samaki, aliyesaidia kuvuta ngalawa hapewi pesa, hupewa kitoweo, na haitawashinda wavuvi na wachuuzi kutenga fungu moja mara mbili kwa wiki kwa nyumba tatu nne zinazojulikana. Misikiti ina zaka na sadaka, parokia zina jumuiya ndogondogo zinazojua nani kakosa nini. Na si lazima msaada uwe fedha. Kumkalia bibi watoto siku ya kliniki ni msaada. Fundi kumpokea kijana wa miaka 16 na kumfundisha kazi bila kumtumikisha ni msaada. Kumfuatilia mtoto cheti cha kuzaliwa ndio msaada ambao watu wanausahau kuliko wote, kwa sababu mlezi asiye mzazi hutumwa huku na huku, mara tangazo la kizazi halipo, mara jina la baba halijulikani, na mwishoni anakata tamaa. Mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wanaomjua mtoto huyo wakiandika barua yao mapema, safari tatu zinakuwa moja.

Linalowatia watu hofu, na kwa haki, ni ukatili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kipigo kilikuwa kwa wavulana na wasichana takriban watatu kati ya wanne. Sehemu kubwa ya hayo hutendeka nyumbani na njiani, kwa watu wanaofahamika. Na sote tunajua hadithi ya binti aliyechukuliwa kijijini aje kusomeshwa mjini, akaishia kuosha vyombo alfajiri na kubeba mtoto wa wenyewe mgongoni. Kuyakataa malezi ya familia kwa sababu hiyo hakumsaidii binti yule, maana yeye yumo tayari ndani ya nyumba ya watu, bila kibali, bila taarifa, bila afisa anayejua jina lake. Hatari yake inakua kadiri asivyoandikwa. Anapopita kwa ustawi wa jamii nyumba inakaguliwa kabla na inatembelewa baadaye, na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji ina haki ya kuuliza kwa nini mtoto hajaonekana shuleni siku tatu. Afisa mmoja wa halmashauri hawezi kuwa Kaole asubuhi na Makurunge jioni. Jirani yuko pale kila siku, na ustadh wa madrasa na mwalimu wa darasa humwona mtoto akiwa na alama mkononi kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapa ndipo mila yetu ya kutoingilia mambo ya nyumba ya mtu inapotugharimu, nami siitetei hata kidogo.

Kuna wanaosema dini imekataza. Hili linahitaji utulivu, kwa sababu wasikilizaji wengi wa pwani ni Waislamu na jambo lenyewe ni la wazi kuliko linavyosemwa. Kilichokatazwa ni kumpachika mtoto nasaba isiyo yake, aitwe kwa jina la aliyemlea kana kwamba ndiye aliyemzaa. Kumlea yatima na kumtunza, huku akijulikana ni mwana wa nani, ni katika matendo yanayosifiwa sana, na wanazuoni wanayaita kafala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala kwa jina, sambamba na malezi ya kambo. Sheria mpya ya watoto ya Kenya, ya mwaka 2022, imeitambua pia. Malezi ya kambo, kwa kuwa hayamnyang'anyi mtoto jina wala ukoo, yako karibu zaidi na kafala kuliko kuasili. Urithi nao una mlango: mtoto wa kulea harithi kwa fungu, lakini mlezi anaweza kumpa hiba akiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Suala la maharimu kwa mtoto aliyebaleghe ni la kweli, na linatatuliwa kama linavyotatuliwa katika nyumba yoyote yenye binamu: vyumba vitenganishwe, na msichana mkubwa apelekwe kwa bibi au mama anayeishi na mabinti zake. Afisa ustawi anayemweka msichana wa miaka 14 katika nyumba ya wavulana watupu amekosea hata kwa mtu asiye na dini.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali. Ni kazi yake kweli, na haijaimaliza. TASAF, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini, inazilipa ruzuku kaya zilizoandikwa na kuzidai zipeleke watoto shule na kliniki, lakini mtoto anayehamia nyumba nyingine leo hahamii na jina lake kwenye orodha kesho. Posho maalumu kwa mlezi wa kambo ndiyo ambayo madiwani wetu wangepaswa kuulizwa kila bajeti. Ila mtoto hangoji mwaka wa fedha.

Na makao yaliyopo je, yafungwe? Sisemi hivyo, na anayesema hivyo kwa haraka ajifunze kwa Rwanda. Mwaka 2013 nchi ile ilianza mpango wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia, ukawa wa miaka na hatua, na makao mengine yakageuzwa kuwa vituo vya kusaidia kaya. Hata hivyo watoto wenye ulemavu mzito ndio waliokuwa wagumu kupatiwa familia, na hapa petu itakuwa vivyo hivyo, kwa kuwa mlezi wa mtoto wa namna hiyo hawezi kutoka kwenda shamba wala sokoni. Makao ya Bagamoyo yana magari, wauguzi, walimu na marafiki wanaotuma fedha kutoka mbali. Yanaweza kuwapokea watoto wa aina hiyo mchana na kuwarudisha jioni. Yanaweza kulipia sare za watoto 100 walioko majumbani kwa bei ya kuweka vitanda vipya 10. Yanaweza kumtafuta mjomba aliyeko Mlingotini au Saadani kabla ya kumwandika mtoto kitabuni. Wafadhili wao watalalamika kwamba hawaoni watoto wa kupiga nao picha, na hapo viongozi wa makao watahitaji ujasiri ambao sisi wengine tunapaswa kuwaunga mkono.

Kwa anayefikiria kuipokea kazi hii, au anayeijua nyumba iliyokwisha kuipokea na imelemewa, pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na kwa aliye mbali, mtendaji wa kata atakuelekeza. Uende na kitambulisho chako, na kama una mke au mume, nendeni wawili, kwa sababu afisa atataka kuwasikia wote. Mtasubiri, na mtaulizwa maswali mengine yanayokera. Ukiwa una mashaka juu ya mtoto yeyote, wa kwako au wa jirani, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haina malipo.